Baridi ya Ufipa: jinsi nyumba inavyopoteza joto na namna pampu ya joto inavyofanya kazi

Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, yaani kipindi cha Juni hadi Agosti. Katika taarifa hizo, Nyanda za Juu Kusini Magharibi, ambazo Rukwa ni mkoa mmojawapo, hutajwa miongoni mwa maeneo yenye baridi zaidi nchini. Kwa mkazi wa Sumbawanga jambo hilo si geni. Usiku wa Juni na Julai kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi joto 10, upepo wa kusi hupita kwenye uwanda usio na miti mingi ya kuuzuia, na asubuhi bati huamka limelowa umande upande wa ndani.

Katika majira hayo kaya nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani ili kuota moto. Njia hiyo hutoa joto la muda mfupi, lakini ni hatari kwa maisha na hugharimu fedha nyingi. Makala haya yanaeleza kwa nini nyumba hupoa upesi, hatua ambazo kaya inaweza kuchukua kwa vifaa vilivyopo, na namna pampu ya joto inavyoweza kutumika mahali penye umeme.

Kwa nini Ufipa ni baridi

Mji wa Sumbawanga upo mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mashariki mwa uwanda ardhi huporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa, lenye mwinuko wa takriban mita 800, na magharibi huteremka hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, wenye mwinuko wa mita zipatazo 770. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi joto 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo sababu msafiri anayetoka Muze au Mtowisa bondeni akiwa amevaa shati jepesi huhitaji koti afikapo mjini, ingawa ni mkoa uleule na siku ileile.

Sababu ya pili ni anga. Kipupwe ni kiangazi, na mawingu huwa machache. Mchana jua huwaka vizuri, lakini usiku ardhi na paa hurusha joto lake moja kwa moja kuelekea angani bila wingu la kulirudisha. Paa la bati lililo wazi kwa anga safi huweza kuwa baridi kuliko hata hewa inayolizunguka. Mvuke wa pumzi za waliolala hugusa bati hilo, hugeuka maji na kudondoka kitandani.

Njia tatu za joto kutoka nyumbani

Joto husafiri kutoka penye joto kwenda penye baridi, wala halisubiri ruhusa. Katika nyumba hupita njia tatu.

Njia ya kwanza ni kupenya kwenye vitu vigumu: bati, ukuta, kioo, mlango na sakafu. Kila kitu kina kiwango chake cha kupitisha joto. Chuma hupitisha sana, tofali la kuchoma hupitisha kiasi, mbao hupitisha kidogo, na nyasi kavu, pamba au povu gumu hupitisha kidogo zaidi kwa sababu ndani yake imefungwa hewa iliyotulia. Hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto, na blanketi hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Paa la nyasi la wazee, pamoja na kasoro zake za moto, mchwa na kuvuja, lilihifadhi joto kuliko bati tupu lililochukua nafasi yake.

Njia ya pili ni hewa yenyewe kutoka. Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo hupanda na kutoka kwenye nafasi zilizo kati ya ukuta na paa, na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayoingia chini ya mlango na kwenye nyufa za madirisha. Wafipa waliijua nguvu hii karne nyingi kabla ya umeme. Tanuri zao ndefu za kuyeyushia mawe ya chuma, ambazo mabaki yake bado yapo katika baadhi ya maeneo ya uwanda huo, zilifanya kazi bila mivukuto: moto ulipowaka, hewa moto ilipanda juu ya tanuri na kuvuta hewa mpya kupitia matundu ya chini. Nyumba yenye mianya juu na chini ni tanuri ya namna hiyo, ila yenyewe huwavutia baridi waliomo ndani.

Njia ya tatu ni mnururisho, yaani joto linalorushwa bila kugusa kitu, kama mtu anavyolihisi jua usoni. Mwili wa aliyelala chini ya bati baridi hurusha joto kuelekea bati hilo, naye huhisi baridi hata kama hewa ya chumbani si baridi sana.

Mfano wa hesabu ya chumba kimoja

Ili kuona ni wapi joto linapotelea, chukuliwe chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kuta za urefu wa mita 2.5 kwenda juu. Kuta mbili zimetazama nje na zimejengwa kwa nusu tofali la kuchoma bila lipu. Paa ni bati bila dari. Nje kuna nyuzi joto 8, na ndani inatakiwa ibaki nyuzi joto 18, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikipendekeza mwaka 2018 kuwa cha chini kinachofaa kwa afya ndani ya nyumba katika majira ya baridi.

Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 10, paa la bati hupoteza takriban wati 840. Kuta mbili za nje hupoteza takriban wati 525. Hewa ikibadilishwa yote mara mbili kwa saa kupitia mianya, huondoka na takriban wati 160. Kiasi hicho kingekuwa kikubwa zaidi Pwani, kwa kuwa hewa ya Sumbawanga ina uzito wa takriban robo tatu na ushee tu ya ile ya usawa wa bahari. Jumla ni wati 1,525, na zaidi ya nusu yake hupitia paa.

Sasa chumba hicho kiwekewe dari, na juu ya dari kitandazwe kizuia joto chenye unene wa sentimita 5. Upotevu wa paa hushuka kutoka wati 840 hadi takriban wati 100. Kuta zikipigwa lipu ndani na nje, upotevu wake hupungua hadi wati 480 hivi. Mianya ikizibwa kiasi cha hewa kubadilika mara moja kwa saa, upotevu wa hewa huwa wati 80. Jumla mpya ni wati 660, chini ya nusu ya ile ya awali.

Hesabu hii inamhusu pia mwananchi asiye na umeme. Mtu aliyelala hutoa joto la takriban wati 75. Watu wawili katika chumba cha kwanza hukipandisha joto kwa nyuzi 1 tu juu ya lile la nje. Katika chumba kilichorekebishwa hukipandisha kwa zaidi ya nyuzi 2, bila moto wowote. Tena, dari hukata ule mnururisho wa kuelekea bati, na umande wa asubuhi hukoma kudondoka kitandani.

Jiko la mkaa si hita

Kilo moja ya mkaa ina nishati ya takriban uniti 8 za umeme. Ikiungua kwa saa nne hutoa kama wati 2,000, kiasi kinachotosha kukipasha joto hata chumba kibovu. Hapo ndipo mvuto wake ulipo, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Mkaa unaoungua kwenye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Ikivutwa hushikamana na chembe za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na mwili hukosa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyekwisha lala huenda asizione dalili hizo kabisa. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu na kuacha kutoa moshi bado hutoa gesi hiyo. Kwa hiyo si kweli kwamba jiko lililokolea nje ni salama kuingizwa ndani.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na kila kaya inayokusudia kuboresha nyumba yake. Ile mianya inayoingiza baridi ndiyo pia inayotoa sehemu ya gesi ya jiko. Kaya ikiziba mianya na kuendelea kulala na jiko la mkaa ndani, itakuwa imeongeza hatari badala ya kuipunguza. Kuziba mianya na kuliondoa jiko chumbani ni hatua mbili zisizotenganishwa. Vilevile tundu moja dogo la hewa libakizwe kwa makusudi katika kila chumba cha kulala, kwa kuwa watu wanahitaji hewa safi na mvuke wa pumzi unahitaji pa kutokea.

Mtu akikutwa amezidiwa na gesi hiyo, kwanza milango na madirisha yafunguliwe, atolewe nje penye hewa, kisha akimbizwe kituo cha afya hata kama amezinduka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Pampu ya joto ni nini

Pampu ya joto ni mashine inayohamisha joto kutoka mahali penye baridi kwenda mahali penye joto, kinyume cha mwelekeo wake wa asili, kama pampu ya maji inavyopandisha maji kutoka kisimani. Wazo lake si jipya. Mwanasayansi wa Uingereza, Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852, na katika miaka iliyofuata mhandisi Peter von Rittinger aliunda mtambo wa namna hiyo katika kiwanda cha chumvi cha Ebensee, Austria. Mwaka 1938 jengo la halmashauri ya mji wa Zürich, Uswisi, lilianza kupashwa joto kwa pampu iliyochota joto kutoka mtoni.

Wananchi wengi wanayo mashine ya aina hii nyumbani bila kuiita hivyo. Jokofu ni pampu ya joto: huchota joto kutoka ndani na kulitoa mgongoni, ndiyo maana nyuma yake huwa na joto. Kiyoyozi cha Dar es Salaam pia ni pampu ya joto, inayochota joto la chumbani na kulitupa nje. Kiyoyozi kilekile kikipewa vali ya kugeuza mwelekeo, huchota joto la nje na kuliingiza chumbani.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: hewa ya nje ikiwa na nyuzi joto 8, ina joto gani la kuchotwa? Jibu limo katika gesi inayozunguka ndani ya mabomba ya mashine. Gesi aina ya R-32, inayotumika katika viyoyozi vingi vya sasa, huchemka kwa nyuzi joto 52 chini ya sifuri katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Kwa kimiminika chake, hewa ya Sumbawanga ya alfajiri ni moto wa kutosha kukichemsha.

Kazi hufanyika kwa hatua nne. Kwanza, kimiminika baridi hupita kwenye koili ya nje, hunyonya joto la hewa na kugeuka kuwa gesi. Pili, kompresa huikandamiza gesi hiyo, na kama pampu ya baiskeli inavyopata joto inapojaza tairi, gesi hupanda hadi nyuzi joto nyingi. Tatu, gesi hiyo moto hupita kwenye koili ya ndani, hutoa joto lake chumbani na kurudi kuwa kimiminika. Nne, kimiminika hupita kwenye vali nyembamba ya kupunguza kanieneo, hupoa ghafla, na mzunguko huanza upya.

Umeme katika mashine hii hutumika kulibeba joto, tofauti na hita ya koili inayolitengeneza. Hita ikitumia uniti 1 hutoa joto la uniti 1, basi. Pampu ikitumia uniti 1 huweza kuingiza chumbani joto la uniti 3, mbili kati yake zikiwa zimetoka kwenye hewa ya nje. Kadiri tofauti kati ya joto la nje na la ndani inavyokuwa ndogo, ndivyo faida hiyo inavyokua. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA), takriban kaya 60 kati ya kila 100 nchini Norway zina pampu za joto, na nchi hiyo hupata barafu kwa miezi mingi. Baridi ya Ufipa, kwa kipimo cha mashine hizi, ni ya wastani.

Bili ya umeme ya mwezi mmoja

Tuseme chumba kilichotajwa hapo juu kinapashwa joto kwa saa 8 kila usiku kwa siku 30. Hita ya kawaida katika chumba kisicho na dari itatumia takriban uniti 366. Hita hiyohiyo katika chumba kilichorekebishwa itatumia uniti 158. Pampu ya joto katika chumba kisicho na dari itatumia uniti 122. Pampu katika chumba kilichorekebishwa itatumia takriban uniti 53.

Wateja wa TANESCO walio katika kundi la D1, ambalo ni la matumizi madogo ya nyumbani, hupata bei nafuu kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Kati ya njia hizo nne, ni ya mwisho pekee inayobaki chini ya kiwango hicho, tena kabla ya kuhesabu taa, redio na pasi. Hesabu inaonyesha pia kwamba mwenye fedha ya kununua mashine peke yake, akaacha paa wazi, atalipa zaidi ya mara mbili ya jirani yake aliyeanza na dari.

Mahali pampu inapofaa kwa sasa

Kwa kaya nyingi za Ufipa, pampu ya joto kwa ajili ya chumba bado ni kifaa cha gharama, na umeme wa uhakika ni sharti lake. Kwa miaka mingi Sumbawanga imepokea umeme kutoka nchi jirani ya Zambia. Mradi wa njia ya umeme wa Tanzania na Zambia (TAZA), wa msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, umelenga kuuunganisha mkoa huo na Gridi ya Taifa.

Matumizi yenye faida ya haraka zaidi ni maji ya moto katika hospitali, hoteli na mabweni ya shule. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi joto 15 hadi 55 huhitaji takriban uniti 4.7 kwa hita ya kawaida, na takriban uniti 1.6 kwa pampu yenye ufanisi wa tatu kwa moja. Kwa kuwa kipupwe cha Ufipa kina jua la kutosha mchana, hita ya maji ya jua nayo ni njia nzuri, na pampu huweza kuisaidia siku za mawingu.

Anayenunua kiyoyozi kwa ajili ya kupasha joto ahakikishe kwamba kinaweza kufanya kazi hiyo, kwani baadhi ya vile vinavyouzwa nchi za joto hupoza tu. Chenye uwezo huo kwa kawaida huwa na alama ya jua kwenye rimoti. Ukubwa uchaguliwe baada ya nyumba kurekebishwa, si kabla. Ufungaji ufanywe na fundi mwenye ujuzi, na gesi isiachiwe hewani wakati wa matengenezo, kwa kuwa gesi nyingi za mashine hizi huchangia ongezeko la joto duniani. Mashine zilizotumika zenye gesi ya R-22 ziepukwe; gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni.

Mpangilio wa hatua kwa kaya

Hatua ya kwanza ni kuliondoa jiko la mkaa katika chumba cha kulala. Hatua hiyo inaendana na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, wenye lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Hatua ya pili ni kuziba nafasi kati ya ukuta na bati, nyufa za madirisha na uwazi wa chini ya mlango, huku tundu dogo la hewa likibakizwa. Udongo, lipu, vipande vya mbao na hata nguo kuukuu hutosha, na gharama yake ni ndogo.

Hatua ya tatu ni dari, ikianza na chumba wanamolala watoto na wazee. Dari tupu ya mbao au jipsamu hupunguza upotevu wa paa hadi karibu nusu. Ikiongezewa kizuia joto juu yake, upungufu huwa mkubwa zaidi. Maranda ya mbao na pumba za mpunga kutoka bondeni huweza kutumika, mradi viwe vikavu, vikingwe dhidi ya mchwa na panya, na viwekwe mbali na nyaya za umeme kwa sababu hushika moto.

Hatua ya nne inawahusu wanaojenga sasa. Ukuta wa nje wa tofali zima hupoteza takriban theluthi moja pungufu ya ukuta wa nusu tofali. Madirisha makubwa yaelekezwe kaskazini, kwa sababu wakati wa kipupwe jua la Ufipa hupita upande huo na kuingiza joto la bure mchana kutwa. Upande wa kusini mashariki, unakotoka upepo wa kusi, uwe na madirisha machache na madogo.

Pampu ya joto ni hatua ya tano, kwa mwenye umeme na uwezo. Nyumba iliyokwisha kupitia hatua nne za kwanza itahitaji mashine ndogo, itakayofanya kazi kwa saa chache na kwa bili inayolipika.